Titini na nebulini: protini ambazo urefu wao ndio kazi yao

Mchoro wa msuli tuliofundishwa wengi wetu una nyuzi za aina mbili tu. Nyuzi nene za miozini zimelala katikati, nyuzi nyembamba za aktini zinaingia kutoka pande mbili, na msuli unapojikaza nyuzi nyembamba huvutwa zikateleza kando ya zile nene, hadi kipande kizima kikafupika. Mchoro huo ni wa kweli. Ulitokana na makala mbili zilizotoka pamoja katika jarida la Nature mwaka 1954, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, na hoja yake kuu haijatikiswa hadi leo. Hata hivyo, ukiutazama kwa utulivu utaona kwamba nyuzi nene zinaelea. Hakuna kilichochorwa cha kuzishikilia mahali pake, wala cha kuurudisha msuli katika urefu wake baada ya kuvutwa, wala cha kueleza kwa nini nyuzi zote nene, katika seli moja baada ya nyingine, zina urefu ule ule wa mikromita 1.6 hivi.

Mambo hayo matatu, yaani kushikilia, kurudisha na kupima, ndiyo yaliyonivuta kusoma habari za protini kubwa kupita zote mwilini. Kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunazieleza vibaya tunapozitaja kwa ajili ya ukubwa wao tu, kana kwamba ni rekodi ya kustaajabiwa na kupitwa. Ukubwa wa titini na nebulini ni urefu, na urefu huo ndio kazi yenyewe. Kimeng'enya cha kawaida hufanya kazi kwa kona moja ndogo ya umbo lake, mahali ambapo molekuli nyingine hunasa na kubadilishwa, na sehemu kubwa iliyobaki ya mwili wake iko pale kuitegemeza kona hiyo. Titini haina kona ya namna hiyo inayobeba kazi yake kuu. Inafanya kazi kwa kuwa ndefu kutoka hapa hadi pale, na kila sehemu ya urefu wake ina jirani yake na wajibu wake.

Ili jambo hili lieleweke, lazima kwanza tuijue ramani. Kipande cha msuli ninachokizungumzia huitwa sarkomia, na msuli ukiwa umetulia urefu wake ni kama mikromita 2 hadi 2.5. Kila upande wake kuna ukuta mwembamba uitwao diski Z, ambamo nyuzi nyembamba zimepandwa. Katikati kabisa kuna mstari M, unaozifunga pamoja nyuzi nene. Kati ya ncha ya uzi mnene na diski Z hubaki nafasi ambayo hupungua msuli unapojikaza na kuongezeka unapovutwa. Sarkomia maelfu hupangwa mfululizo, na mifululizo hiyo hulala sambamba ndani ya seli, kiasi kwamba mistari yake huonekana chini ya hadubini kama milia. Titini moja huanzia ndani ya diski Z, huvuka ile nafasi inayobadilika, hulala juu ya uzi mnene, na kuishia kwenye mstari M. Hiyo ni nusu nzima ya sarkomia, zaidi ya mikromita 1, ikipimwa na molekuli moja tu. Hakuna protini nyingine inayojulikana kwa binadamu inayofika mbali namna hiyo kwa mnyororo mmoja wa asidi amino.

Kwa nini basi kitu kirefu hivyo kilichelewa kuonekana? Jibu lenyewe linahusu ukubwa wake. Wanakemia wa protini walikuwa wakizitenganisha kwa kuzipitisha katika jeli kwa nguvu ya umeme: ndogo hukimbia, kubwa hujikokota. Jeli zilizozoeleka zilikuwa na matundu madogo mno kwa titini, hivyo ilikwama pale juu kabisa, mahali ambapo uchafu na mabonge ya protini yasiyoyeyuka pia hukwama, na doa la mahali hapo halikumshughulisha mtu. Zaidi ya hayo, mnyororo mrefu una sehemu nyingi za kukatwa, na vimeng'enya vya msuli wenyewe huanza kuukata mara tu msuli unaposagwa. Mwaka 1977 Koscak Maruyama na wenzake huko Japani walieleza protini nyumbufu iliyobaki katika nyuzi za misuli hata baada ya miozini na aktini kutolewa, wakaiita konektini. Mwaka 1979 Kuan Wang na wenzake huko Texas walitumia jeli zenye matundu makubwa zaidi, wakaonyesha kwamba lile doa la juu lilikuwa protini halisi tena nyingi, wakaiita titini. Ilikuja kufahamika kwamba makundi hayo mawili yalikuwa yakitazama kitu kimoja kwa njia mbili. Leo titini huhesabiwa kuwa ya tatu kwa wingi katika misuli yenye milia, baada ya miozini na aktini. Protini ya tatu kwa wingi ilikuwa imekosekana kwenye mchoro kwa zaidi ya miaka 20.

Kuiona ni jambo moja, kujua inafanya nini ni jambo jingine. Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba ukinzani wa msuli uliotulia, ile nguvu unayoihisi unapounyoosha bila wenyewe kujikaza, unatoka nje ya seli, katika kolajeni na tishu unganishi zinazozunguka nyuzi za msuli. Mwaka 1985 Alan Magid na Douglas Law walionyesha kwa misuli ya chura kwamba sehemu kubwa ya ukinzani huo inatoka ndani, katika nyuzi zenyewe za kujikaza. Mwaka uliofuata, Robert Horowits, Richard Podolsky na wenzao walifanya jaribio ambalo mimi naliona kuwa mojawapo ya majaribio mazuri zaidi katika historia yote ya fani hii. Walichukua nyuzi za misuli ya sungura, wakazigandisha, wakazipiga kwa mionzi. Mionzi haichagui, lakini molekuli kubwa ni shabaha kubwa, kwa hiyo kipimo kidogo cha mionzi kiliharibu titini na nebulini huku miozini na aktini zikibaki karibu zima. Nyuzi hizo zilipojaribiwa, zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya ukinzani wake. Tena zilipoamshwa zijikaze, nguvu yake ilikuwa imepungua, na nyuzi nene zilikuwa zimehama kutoka katikati ya sarkomia zikaegemea upande mmoja.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi kwangu. Hebu fikiri: uzi mnene huvutwa na nyuzi nyembamba za kushoto na za kulia kwa wakati mmoja. Pande hizo mbili zingelingana daima, uzi ungebaki katikati. Lakini hazilingani daima. Miozini huunganika na kuachia bila mpangilio, na upande mmoja ukizidiwa kidogo, uzi husogea, na ukishasogea upande wenye nguvu hupata miozini nyingi zaidi za kuvuta, hivyo kosa dogo hukua. Kitu kinachovuta kwa nguvu zaidi kadiri uzi unavyosogea mbali nacho ndicho kinachoweza kulizuia kosa hilo, na titini, iliyofungwa diski Z kwa mwisho mmoja na uzi mnene kwa mwisho wa pili, hufanya hivyo hasa. Kwa maneno mengine, unyumbufu ambao tunaudhani kuwa ni sifa ya msuli uliotulia unahitajika pia msuli unapofanya kazi, kwa sababu bila huo injini yenyewe huachana vipande.

Mwaka 1995 Siegfried Labeit na Bernhard Kolmerer, wakifanya kazi huko Heidelberg, Ujerumani, walichapisha mfuatano kamili wa titini ya moyo wa binadamu: asidi amino 26,926. Aina ndefu zaidi zinazoweza kutokana na jeni hiyohiyo hufikia karibu asidi amino 36,000, na uzito wake karibu daltoni milioni 3.8 (daltoni moja ni takriban uzito wa atomu moja ya haidrojeni), wakati aktini haizidi daltoni 42,000. Jeni yenyewe, iliyoko kwenye kromosomu namba 2, ina eksoni 363 (vipande vya jeni vinavyoweza kubakizwa katika maelekezo ya mwisho ya protini), idadi kubwa kuliko ya jeni nyingine yoyote ya binadamu inayofahamika. Mfuatano huo ulipopatikana, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya titini ni marudio. Kuna vipande karibu 300 vya aina mbili, moja ikifanana na sehemu za imunoglobulini na nyingine ikifanana na sehemu za fibronektini, kila kimoja kikiwa na asidi amino 100 hivi zilizojikunja kuwa punje imara. Vimepangwa mmoja baada ya mwingine kama ushanga uliotungwa kwenye uzi. Na katika ile sehemu inayovuka nafasi kati ya diski Z na uzi mnene, kati ya safu za punje, kuna kipande cha namna nyingine kabisa, ambacho hakijikunji kuwa umbo lolote la kudumu. Kimejaa asidi amino nne, yaani prolini, glutamati, valini na lisini, na huitwa PEVK kutokana na herufi zake.

Unyumbufu wa titini uko hapo, na namna unavyofanya kazi inastahili kuelezwa bila haraka, kwa sababu neno springi hutupotosha. Springi ya chuma hupinga kwa sababu vifungo vya chuma chake vinapotoshwa. Mnyororo laini wa protini uliomo ndani ya maji hupinga kwa sababu nyingine. Molekuli za maji huugonga kutoka kila upande bila kukoma, nao hujipinda na kujikunjua ovyo, ukipita katika maumbo yasiyohesabika. Maumbo ambamo ncha zake mbili ziko karibu karibu ni mengi mno. Maumbo ambamo mnyororo umenyooka ni machache. Kuunyoosha ni kuunyima uhuru wa maumbo, na mgongano wa maji huurudisha kule ambako maumbo ni mengi. Nguvu inayohisika ni nguvu ya entropia. Mpira hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na ndiyo maana mnyororo wa namna hii huvutika kwa urahisi mwanzoni na kuwa mgumu ghafla unapokaribia urefu wake wote: maumbo yaliyobaki ni machache sana.

Sasa weka minyororo miwili ya namna hii mfululizo, yenye tabia tofauti. Safu za punje za imunoglobulini zina viungo vinavyopindika kati ya punje na punje. Msuli unapoanza kuvutwa, hizo ndizo zinazonyooka kwanza, na nguvu inayotakiwa ni ndogo. Zikishanyooka, mvuto unahamia kwa PEVK, ambayo hunyooka polepole kwa nguvu inayozidi kukua. Katika moyo kuna sehemu ya tatu, mfuatano wa pekee wa asidi amino 572 ambao nao hauna umbo la kudumu, na huongeza hatua nyingine ya kunyumbuka. Matokeo yake ni kwamba mchoro wa ukinzani dhidi ya urefu huanza tambarare kisha hupanda, na mahali unapoanza kupanda huamuliwa na urefu wa kila sehemu.

Mwaka 1997 makundi matatu ya watafiti yalifaulu kuishika titini moja moja na kuivuta, mawili kwa leza inayonasa vishanga vidogo sana, moja kwa sindano ya hadubini ya nguvu za atomu. Kundi la Michael Rief, Mathias Gautel, Hermann Gaub na wenzao lilivuta kwa sindano, na mchoro wa nguvu ukatoka na meno kama ya msumeno: nguvu hupanda, hushuka ghafla, hupanda tena, hushuka tena. Kila jino lilikuwa punje moja ya imunoglobulini iliyofumuka, na nguvu iliyohitajika ilikuwa kati ya pikonyutoni 150 na 300. Mvuto ulipolegezwa, punje zilijikunja upya. Jambo hilo lilizua mjadala ambao haujaisha. Nguvu ambayo titini moja huibeba katika msuli wa kawaida ni ndogo sana kuliko hiyo, pengine pikonyutoni chache tu, na kwa hiyo wengine waliona kwamba kufumuka kwa punje ni jambo la maabara. Wengine hujibu, nami huegemea kwao, kwamba nguvu inayohitajika hutegemea muda: punje inayostahimili mvuto mkubwa wa ghafla inaweza kufumuka kwa mvuto mdogo ikivutwa kwa muda mrefu. Ikiwa ni hivyo, punje hizo ni akiba ya urefu ambayo msuli huitumia unapovutwa kupita kiasi, na kujikunja kwake upya huweza kurudisha sehemu ya kazi iliyotumika. Ni kiasi gani cha hayo hutokea ndani ya mwili ulio hai, bado watafiti wanabishana, na ubishi huo ni wa haki.

Nikitakiwa kuchagua ushahidi mmoja wa kwamba urefu ndio kazi, ningechagua tofauti kati ya moyo na misuli ya mifupa. Jeni ni ileile moja. Lakini RNA mjumbe inayonakiliwa kutoka kwake hukatwa na kuunganishwa kwa njia tofauti katika tishu tofauti, na eksoni zinazobakizwa au kuondolewa ni hasa zile za eneo la kunyumbuka. Labeit na Kolmerer walikuta PEVK ya moyo ina asidi amino 163 tu, na ile ya soleasi, msuli wa nyuma ya mguu chini ya goti, ina asidi amino 2,174. Moyo una titini fupi, kwa hiyo kuta zake hukakamaa mapema unapojaa damu. Soleasi ina titini ndefu, kwa hiyo hunyooka sana kabla ya kupinga. Mwili haukutengeneza chembe nyingine ya kugeuza ukakamavu. Umebadilisha urefu wa uzi.

Na ndani ya moyo wenyewe kuna aina mbili zinazoishi pamoja, mara nyingi katika sarkomia moja: N2B iliyo fupi na kakamavu, na N2BA iliyo ndefu na laini. Ukakamavu wa ukuta wa moyo hutegemea uwiano wa aina hizo. Moyo wa kijusi una titini ndefu zaidi, na karibu na kuzaliwa na baada yake aina fupi huchukua nafasi, wakati ambapo moyo unaanza kupiga dhidi ya shinikizo kubwa zaidi la damu. Protini inayosimamia ukataji huo huitwa RBM20, na mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba ikikosekana, moyo hutengeneza titini ndefu kupita kiasi. Marekebisho ya namna hii huchukua siku na wiki, kwa sababu lazima titini mpya itengenezwe. Kwa mabadiliko ya haraka kuna njia nyingine: kimeng'enya kinachoamshwa na adrenalini hubandika fosfati kwenye ule mfuatano wa pekee wa moyo, na titini hulegea, hivyo moyo unaopiga kasi huweza kujaa katika muda mfupi ulionao. Kimeng'enya kingine hubandika fosfati kwenye PEVK na kuikakamaza. Watafiti wengi wanahusisha upungufu wa fosfati za aina ya kwanza na ule udhaifu wa moyo ambao nguvu ya kusukuma inaonekana ya kawaida lakini chumba hakijai vizuri.

Kolajeni isisahaulike. Inabeba mvuto pale moyo unapopanuliwa kupita urefu wake wa kawaida wa kufanya kazi. Chini ya hapo, katika masafa ambayo moyo huyatumia kila pigo, mchango wa titini ni mkubwa. Henk Granzier na Thomas Irving walionyesha hilo kwa moyo wa panya mwaka huohuo wa 1995.

Mpaka hapa nimezungumzia nusu ya titini inayonyumbuka. Nusu nyingine, iliyolala juu ya uzi mnene, hainyumbuki kabisa katika hali ya kawaida, na kazi yake ni kupima. Uzi mnene umejengwa na molekuli karibu 300 za miozini, na vichwa vyake hujitokeza kwa mpangilio unaojirudia kila nanomita 43. Titini ya eneo hilo nayo ina mpangilio unaojirudia: punje 11 za imunoglobulini na fibronektini kwa utaratibu uleule, kisha tena 11, kisha tena 11, jumla mara 11, na kila rudio linalingana na nanomita 43. Ulinganifu huo ulipoonekana, dhana ilizaliwa mara moja kwamba titini ndiyo inayoamua uzi mnene ukome wapi. Lakini ulinganifu peke yake hauthibitishi. Inawezekana titini ililazimika tu kufuata uzi ambao urefu wake uliamuliwa na kitu kingine. Jibu lilipatikana mwaka 2017, pale marudio mawili kati ya hayo yalipoondolewa katika jeni ya panya. Nyuzi nene zilifupika, na mioyo ya panya hao ikatanuka na kudhoofika. Mwaka 2023 makundi mawili yalichapisha picha za uzi mnene wa moyo zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni baada ya kugandishwa, na ndani yake minyororo sita ya titini kwa kila nusu ya uzi inaonekana ikipita juu ya mikia ya miozini, ikigusana nayo mahali baada ya mahali. Nilipoziona picha hizo nilifurahi kupita nilivyotarajia, kwa kuwa kile kilichokuwa kimehesabiwa kutoka kwenye mfuatano tangu miaka ya 1990 kilikuwa pale, mahali kilipotabiriwa.

Nebulini hufanya kwa uzi mwembamba kazi inayofanana na hiyo, ila bila unyumbufu. Uzito wake ni kati ya daltoni 600,000 na 900,000, na imejengwa na vipande vya asidi amino 35 hivi vinavyojirudia hadi mara 185. Kila kipande hushika aktini moja, na kila vipande saba huunda rudio kubwa linalolingana na nafasi ya troponini na tropomiozini, protini zinazoruhusu au kuzuia miozini isiiguse aktini. Panya waliozaliwa bila nebulini walikuwa na nyuzi nyembamba fupi kuliko kawaida na zisizolingana, nao hawakuishi muda mrefu baada ya kuzaliwa. Hapa hata hivyo dhana ya kipimo imebidi irekebishwe, kwa kuwa nebulini haifiki hadi ncha kabisa ya uzi mwembamba. Sehemu ya mwisho hurefushwa na kufupishwa na protini nyingine. Ni sahihi zaidi kusema kwamba nebulini huimarisha sehemu kubwa ya uzi na kuihakikishia urefu wake, kisha ncha hujadiliwa upya. Moyo, kwa upande wake, una nebulini kidogo mno, na una ndugu yake mdogo aitwaye nebuleti. Kuna pia obskurini, ya daltoni zaidi ya 700,000, iliyotambuliwa mwaka 2001, ambayo huifunga miofibrili, yaani ule mfululizo wa sarkomia, kwenye utando unaohifadhi kalsiamu. Hiyo ina habari zake na sitaiingilia hapa.

Kama kweli urefu ndio kazi, tungetarajia kwamba kuukata urefu huo kunaleta ugonjwa, na ndivyo ilivyo. Mwaka 2012 utafiti ulioongozwa na kundi la Christine na Jonathan Seidman ulionyesha kwamba mabadiliko ya jeni yanayoikatiza titini njiani yanapatikana kwa karibu asilimia 25 ya wagonjwa wenye moyo uliotanuka kwa kurithi katika familia, na asilimia 18 ya wale wasio na historia hiyo katika familia. Ugonjwa huo ulikuwa ukisomwa kwa miongo mingi, na chanzo chake kikuu cha kurithi kilikuwa katika jeni ambayo, kwa ukubwa wake, ilikuwa ghali na ngumu mno kuisoma yote hadi mashine za kisasa za kusoma DNA zilipopatikana. Ukubwa uliificha titini mara ya kwanza kwenye jeli, ukaificha tena kwenye kliniki. Mahali mabadiliko yalipo nako kuna maana: yale yaliyo katika sehemu ya uzi mnene, ambayo imo katika kila aina ya titini, huleta ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko yale yaliyo katika eksoni ambazo moyo huzikata na kuziacha. Huko Finland kuna ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya mbele ya muundi, nao unatokana na badiliko dogo katika mwisho kabisa wa titini, ule ulioko kwenye mstari M. Upande wa nebulini, jeni yake ndiyo chanzo cha visa vingi vya miopathia ya nemalini inayorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambamo misuli huwa dhaifu tangu utotoni na vijiti vidogo huonekana ndani ya seli chini ya hadubini.

Swali la tiba linarudisha urefu mezani kwa namna ngumu zaidi. Virusi vinavyotumika sana kupeleka jeni nzima ndani ya seli za misuli vina nafasi ya herufi 4,700 hivi za DNA. Maelekezo ya titini yana herufi zipatazo 100,000. Kwa distrofini, protini nyingine ndefu ya misuli, wanasayansi walikwepa kikwazo hicho kwa kuifupisha: waliondoa sehemu kubwa ya katikati na kubakiza ncha zinazoshika, na protini fupi ikaendelea kufanya sehemu ya kazi yake. Sioni kwamba njia hiyo inaweza kuhamishiwa kwa titini. Ukiifupisha katika eneo la kunyumbuka, moyo unakakamaa. Ukiifupisha katika eneo la uzi mnene, uzi mnene unafupika nayo, kama panya wa mwaka 2017 walivyoonyesha. Ndiyo sababu kazi inayonipa matumaini zaidi ni ile inayoacha jeni ilipo na kugusa ukataji wa RNA yake. Katika panya, kupunguza kazi ya RBM20 kwa kiasi, bila kuiondoa yote, kumetoa titini ndefu zaidi na vyumba vya moyo vinavyojaa kwa urahisi zaidi, na molekuli fupi za kuzuia utengenezaji wa RBM20 zimekwisha kujaribiwa kwa lengo hilohilo. Kipimo ndicho kigumu: RBM20 ikipungua kidogo moyo hulegea na kupata nafuu, ikikosekana kabisa titini hurefuka mno na moyo hutanuka.